Plasta Sita

Kebaso, mhudumu wa mochari, alivuta droo kwa mkono mmoja kwa sababu mkono wa pili ulishika kikombe cha chai. Sajenti Loice Chepngeno hakumlaumu. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi ya kung'ata masikio, na kama yeye mwenyewe angekuwa na kikombe, asingekiweka chini kwa ajili ya maiti.

"Daktari alimaliza jana," Kebaso alisema. "Ripoti mko nayo. Unatafuta nini tena, madam?"

"Tundu la sindano."

"Haiko. Tulimgeuza mbele, nyuma. Mapaja, tumbo, hata katikati ya vidole vya miguu. Daktari alichoka, mimi nikachoka."

Chepngeno alikuwa amechoka kabla yao wote. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, magoti mawili yasiyoelewana, na kesi ambayo kila mtu kituoni aliona imekwisha isipokuwa yeye. Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Jumanne, saa tatu asubuhi, mchuma chai aitwaye Nyabate alianguka katikati ya mistari ya chai ya kampuni huko Boito, akitiririkwa na jasho na kuropoka maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Alifikishwa zahanati ya kampuni akiwa hai. Nesi Velma alimpima sukari ya damu na kuandika kitabuni: moja nukta moja. Nusu saa baadaye Nyabate alikata roho.

Hakuwa na ugonjwa wa sukari. Sukari ya mwanamke mzima mwenye afya haishuki hivyo bila insulini, na insulini yote ya Boito ilikaa kwenye storo moja, chini ya ufunguo wa mtu mmoja. Huyo mtu, Velma, miaka sita nyuma alikuwa mchumba wa Onyiego, kabla Onyiego hajabadili nia na kumwoa Nyabate. Onyiego ndiye aliyefika kituoni kumshtaki. Velma alikamatwa jana saa nane mchana, na kwa kuwa sheria inawapa polisi saa ishirini na nne tu, leo kabla ya saa nane alitakiwa awe mbele ya hakimu mjini Bomet, ajibu shtaka la mauaji.

Yote hayo Chepngeno angeyakubali na kwenda zake kulala, kama si jambo moja. Aliyesema kwamba insulini imepungua storoni ni Velma mwenyewe. Baada ya kuona ile moja nukta moja, alikwenda rafuni akahesabu, akakuta pakiti moja haipo, akapiga ripoti kwa wakubwa wake. Chepngeno alikuwa amewatia mbaroni wauaji kumi na mmoja katika maisha yake ya kazi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemsaidia kuhesabu.

"Nionyeshe mikono," alisema.

"Mikono ya mchuma chai? Utaona nini huko?"

Ilikuwa kweli kwamba mgeni asingeona kitu. Vidole vya Nyabate vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani, ule weusi usiotoka kwa sabuni wala kwa jivu, na vilikuwa vimepasukapasuka kwenye viungo. Lakini mama yake Chepngeno alichuma chai Kipkelion miaka ishirini na saba, na binti yake aliijua mikono hiyo kuliko alivyojua Biblia. Akakigeuza kidole gumba cha kulia kwenye mwanga. Juu ya ufa, weusi ulikuwa umebanduka kwa umbo la duara. Kidole cha shahada, duara jingine. Gumba la kushoto, la tatu.

"Una ile lenzi ya daktari?"

Kebaso akaweka kikombe chini hatimaye. Akainama na lenzi, akatazama muda mrefu.

"Iko vidoadoa," alisema taratibu. "Vidogo sana. Vimepangwa mistari, kama mtu alipanda mahindi."

Chepngeno alishusha pumzi. Insulini ya Boito haikuwa ya chupa na bomba. Watafiti walikuwa wameichagua zahanati ile kujaribia vibandiko: kiduara cheupe kisichozidi ukucha wa gumba, upande mmoja gundi, na katikati ya gundi mamia ya sindano ndogo ambazo macho hayazioni. Sindano zenyewe zimetengenezwa kwa dawa. Ukizibandika zinapenya ngozi kidogo tu, hazifiki kwenye maumivu, zinayeyuka humo humo. Hazihitaji friji wala mtu wa kudunga. Pakiti iliyopotea ilikuwa na sita.

Simu ikalia. Alikuwa Inspekta Phelix, mkubwa wake.

"Umepata nini?"

"Alama za vibandiko, afande. Tatu, vidoleni."

"Si basi imekwisha! Alimbandika. Andika hivyo, ulete faili. Gari la Bomet linatoka saa saba."

"Na vibandiko vingine vitatu vya pakiti viko wapi?"

"Chepngeno," Phelix alisema kwa sauti ya mtu aliyeanza siku na maumivu ya kichwa, "kazi yetu ni mwenye alikufa."

*

Velma alikuwa amekaa kwenye sakafu ya seli, miguu mitupu, kwa kuwa viatu na mkanda huachwa kaunta. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno. Nje, ng'ambo ya geti la kituo, Onyiego alikuwa ameketi juu ya jiwe tangu alfajiri akingoja kumwona mwuaji wa mkewe akipakiwa garini. Chepngeno alikuwa amempita bila kusalimu, akajilaumu kwa hilo, kisha akasahau kujilaumu.

"Wagonjwa wako wanabandika wapi?" aliuliza.

"Kwa mkono, hapa juu. Moja kwa siku. Dakika ishirini inatosha, halafu wanatoa."

"Nyabate alikuwa na tatu. Kwa vidole."

Velma aliinua kichwa. "Vidole? Nani anabandika kwa vidole? Ngozi ya hawa mama ni ngumu, hizo sindano zinapinda tu." Akafikiri, na Chepngeno aliona jinsi anavyofikiri kama nesi, amesahau alipo. "Isipokuwa penye imepasuka. Penye imepasuka ingeingia yote. Tatu, na mtu hajakula... hiyo ni ya kuua, madam."

"Unajua unachosema?"

"Najua. Lakini ndivyo ilivyo."

"Ulikuwa unamchukia?"

"Mwaka wa kwanza nilimchukia. Halafu nikachoka. Nina watu mia nne kwa hiyo zahanati, nitachukia saa ngapi?"

Chepngeno nusura acheke. Ilikuwa sababu bora kuliko viapo vyote alivyowahi kusikia.

"Ufunguo wa storo anao nani mwingine?"

"Ni mimi tu. Jumamosi, siku ya Sabato, nikienda kanisa, naachia askari wa geti."

"Jana hukuniambia hivyo."

"Jana hukuuliza. Uliuliza kama nilimpenda Onyiego."

Hilo lilimwingia. Alitoka, akamwomba Konstebo Sagini wa kaunta asiondoke kituoni mpaka yeye arudi, akachukua ufunguo wa gari. Jana alikuwa amevisoma vitabu vyote vya storo ya zahanati, ukurasa kwa ukurasa, mpaka macho yakamwasha. Hakuna insulini iliyosainiwa nje. Pamba, bandeji, plasta, dawa za minyoo, upuzi mtupu. Kama kuna mtu aliingia Jumamosi na ule ufunguo, aliingia kwa shughuli nyingine, na mtu wa kuanzia naye alikuwa yule aliyekuwa wa mwisho kumwona Nyabate akiwa mzima.

*

Nyapara wa seksheni ya nne aliitwa Benard. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, kofia ya sufu, buti safi kupita kiasi, na begoni mwake kisanduku cha huduma ya kwanza chenye msalaba mwekundu. Wachumaji walimsifu hata kabla hajaulizwa. Huyu si kama wale wengine, walisema, huyu ni mtu.

"Chamgei," Chepngeno alimsalimu kwa Kikalenjin.

"Chamgei mising, afande. Ni mambo ya marehemu?"

"Ni mambo ya marehemu. Jumanne asubuhi alikuwa na vibandiko vitatu vidoleni. Vyeupe. Ulimwona navyo?"

Benard alikunja uso. "Vibandiko? Hapana. Alikuwa na plasta tu. Na alitoa kabla ya kuingia kwa chai, kama wote."

"Kwa nini atoe?"

"Ni sheria ya kampuni, afande. Mwaka jana plasta ilipatikana ndani ya majani, kule kiwandani. Ilikuwa vita. Sasa hakuna mtu anaingia kwa mistari na plasta, hata kama kidole kinatoka damu. Hiyo niliona si haki." Alisema kwa haya kidogo, kama mtu anayelazimika kujisifu. "Kwa hivyo mimi ninawabandika wakati wa roll call. Tukiita majina, tukitembea mpaka hapa, ni nusu saa. Ufa unakauka, unashikana kidogo. Wakifika hapa wanatoa, wanaweka kwa mkebe, ninahesabu. Zikitoka sita, lazima zirudi sita."

"Mkebe uko wapi?"

Ulikuwa mwanzoni mwa mstari wa kwanza, mkebe wa zamani wa mafuta ya kupikia, umetundikwa kwenye mti wa uzio. Unamwagwa Jumamosi tu, Benard alisema. Chepngeno alichuchumaa, magoti yakalia, akautandaza ukurasa wa gazeti na kumwaga. Plasta za kahawia, ndefu, za kawaida, thelathini na kitu. Akazipangua kwa kalamu moja moja. Mama yake asingeamini kwamba kuna nyapara anayefunga vidole vya watu kila asubuhi. Yeye vidole vyake alivifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli.

Ya kwanza ilijitokeza ikiwa imelowa, imejikunja, nyeusi kwa utomvu. Ya duara. Kisha ya pili, kisha ya tatu, zote mbovu vilevile. Katikati ya gundi palikuwa patupu. Sindano zilikuwa zimekwisha kuyeyuka na kwenda zilikokwenda. Mvua ya huku haina adabu, inanyesha kila siku saa tisa, na hizi zilikuwa zimenyeshewa Jumanne na jana.

"Hizi ulizitoa wapi?"

"Si ni plasta. Zilikuwa aina mpya. Nilienda kujaza kisanduku Jumamosi, nesi alikuwa kanisa, askari akanifungulia. Sanduku imeandikwa plasta, nikachukua pakiti moja, nikasaini. Angalia kwa kitabu, afande, niliandika: plasta, pakiti moja. Kulikuwa bado na za zamani, nikatumia kwanza zile."

Chepngeno alikuwa ameangalia kitabu. Alikuwa ameisoma sahihi hiyo jana kwa macho yake mawili, plasta pakiti moja, Benard, na akafungua ukurasa uliofuata. Aibu ilimpanda mpaka shingoni.

"Hazikukushtua? Zina miba."

"Nyabate alisema zinawasha kidogo. Akasema, hii iko na dawa, hii ni kali. Alifurahi."

Kalamu ya Chepngeno ilikuwa bado inapangua, kwa mazoea tu, ndipo ikasimama. Chini ya plasta ya kahawia palikuwa na duara jingine. Na jingine. Na jingine. Tatu. Lakini hizi zilikuwa nyeupe pe, kavu, gundi yake bado inashika gazeti.

Hazikuwa zimenyeshewa hata mara moja.

"Benard," alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia ikitoka mbali, "leo umembandika nani?"

"Leo? Bonareri tu. Vidole vyake vilikuwa vibaya, nikampa tatu zilizobaki. Yuko mstari wa kumi na mbili."

"Saa ngapi?"

"Roll call. Saa kumi na mbili na nusu."

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi.

Chai iliyokatwa vizuri haina njia. Juu ni meza ya kijani kibichi, chini ni matawi makavu yaliyosukana, na mtu asiyevaa aproni ya nailoni anachanwa mapaja. Chepngeno hakuwa na aproni. Alikimbia kwa viatu vya ofisini akipiga kelele jina la mtu asiyemjua, Benard akiwa mbele yake akipiga kelele zaidi, na vichwa vya wanawake vikainuka kila upande. Alijua hawatamwelewa. Hakuwa na neno la kuwaeleza.

Mstari wa kumi na mbili Bonareri alikuwa ameketi chini, kikapu kimepinduka, majani yamemwagika. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, na alikuwa akicheka. Jasho lilimtoka usoni kama aliyemwagiwa maji.

"Amelewa," mwanamke mmoja alisema kwa huzuni. "Na mtu wa kanisa hivi."

"Nani amelewa?" Bonareri alifoka, kisha akamtukana yule mwanamke, mama yake yule mwanamke, na serikali. "Huyu polisi anataka nini? Toa huyu polisi hapa."

Chepngeno alipiga magoti kando yake na kupiga simu kituoni. "Sagini. Peleka simu kwa Velma."

"Madam, mahabusu haruhusiwi simu. Kitabu cha matukio, OB, kitasema..."

"Sagini, nitakung'oa cheo kwa mkono wangu. Peleka simu!"

Nyayo. Mlio wa kufuli. Kisha sauti kavu: "Ndiyo?"

"Nina mwingine. Tatu, vidoleni, tangu saa kumi na mbili na nusu. Anatetemeka, jasho, amechanganyikiwa."

Velma hakuuliza zilitoka wapi. "Anaweza kumeza?"

"Anatukana."

"Mwenye anatukana anaweza kumeza. Mpe sukari. Soda, chai, chochote tamu, sasa hivi, isiwe kidogo. Mkalishe, usimlaze."

"Nani ana chai ya sukari?" Chepngeno aliuliza.

Walitazamana. Chai waliyobeba ilikuwa strungi, chai ya rangi, na wengi waliinywa hivyohivyo bila sukari. Hatimaye mwanamke mkongwe mmoja alitoa chupa ya soda ya lita kutoka chini ya aproni, imejaa chai ya maziwa, na akasema kwa aibu kwamba yeye hutia sukari nyingi, daktari amemkataza lakini hajaacha. Chepngeno angembusu. Walimshika Bonareri wanne. Benard alimshika kichwa. Bonareri alimeza, akatema, akatukana, akameza tena. Nusu chupa. Robo tatu.

"Amekunywa," Chepngeno aliambia simu.

"Ngoja dakika kumi. Mpe na mkate ama mandazi. Halafu apelekwe hospitali kubwa, awekewe maji ya glukosi. Usidanganyike akipata nafuu, madam. Hiyo dawa bado iko ndani, itamvuta tena. Mtu akae naye njia yote na chupa."

"Sawa."

"Anaitwa nani?"

"Bonareri."

"Bonareri wa kwaya? Wa sauti ya pili?" Kwa mara ya kwanza sauti ile ilipasuka. "Usimwache, madam. Tafadhali."

Dakika kumi ni nyingi ukiwa umepiga magoti kwenye udongo wenye umande. Kutetemeka kulipungua, kisha kukaisha. Bonareri alitazama kikapu chake, akatazama watu, akauliza kwa nini majani yamemwagika na nani atampimia kilo zake. Wanawake walilia. Chepngeno naye alilia kidogo, akajifanya anapangusa jasho, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kujificha vizuri.

Lori la majani lilimpeleka hospitali, na mama mwenye chupa alipanda naye. Benard alibaki amesimama mwanzoni mwa mstari, kisanduku chake kimefunguka miguuni.

"Afande," alisema. "Nyabate aliniambia asante. Nilipombandika. Aliniambia, Mungu akubariki."

Chepngeno alitoa daftari. Aliandika saa, akamwomba amsindikize storoni.

Sanduku lilikuwa rafu ya chini, kati ya bandeji na pamba, mahali pazuri kwa kitu kisichohitaji friji. Pembeni palikuwa na karatasi ya watafiti, herufi ndogo za chapa, Kiingereza kitupu. Mbele, mahali ambapo jicho linatua, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nene ya rangi ya samawati: PLASTA.

*

Phelix alisoma taarifa akiwa amesimama. Ilikuwa saa sita na nusu, na gari la Bomet lilikuwa limeshawashwa.

"Kwa hivyo ni nyapara."

"Si nyapara, afande. Alisoma kilichoandikwa."

"Basi aliyeandika. Mimi nahitaji jina, Chepngeno. Hii fomu haina nafasi ya bahati mbaya."

"Nitakuletea. Lakini shtaka la mauaji halipo. Zima gari."

Phelix alimtazama, akaitazama saa, akakunja uso kwanza kisha akaamuru gari lizimwe. Alikuwa mtu wa haraka lakini hakuwa mtu mbaya.

Velma alisimama alipoona mlango wa seli unafunguliwa wote, si nusu. "Bonareri?"

"Yuko kwa kitanda. Anauliza kilo zake."

Nesi alifumba macho, midomo ikasogea. Chepngeno alimngoja amalize kuomba. Alikuwa na swali moja tu, la utaratibu, na angelipa mshahara wa mwezi ili mtu mwingine aliulize. Akaweka kipande cha sanduku alichokikata storoni juu ya benchi la kaunta, kando ya viatu.

"Huu mwandiko ni wa nani?"

Velma aliangalia. Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, na Chepngeno aliona jambo hilo likimshuka kutoka usoni mpaka mikononi.

"Ni wangu."

"Kwa nini?"

"Wale watafiti walileta karatasi ya kusomea wagonjwa. Kibandiko cha sindano ndogo. Nikisema tu sindano, wazee wanainuka wanaenda. Wiki mbili sikupata hata mtu mmoja. Na kuna wazee wanapofuka, madam, kuna mmoja alikatwa mguu, kwa kuogopa sindano. Nikaona, mbona niwatishe? Nikawaambia ni plasta. Plasta ya sukari. Wakakubali wote." Aligusa herufi kwa ncha ya kidole. "Nikaandika kwa sanduku, ndio hata mwenye ananisaidia zamu asiwatajie sindano."

"Benard alikwenda kujaza kisanduku Jumamosi."

"Mimi nikiwa kanisa."

"Wewe ukiwa kanisa."

Konstebo Sagini alijifanya anatafuta kitu kwenye kitabu cha OB. Velma alikaa kwenye benchi. Alivaa kiatu kimoja, akafunga kamba, akaifungua, akaifunga tena.

"Nitashtakiwa?"

"Sijui. Uzembe, labda. Labda watafiti ndio watakaoulizwa kwa nini walituma kitu chenye kuua na maandishi madogo. Nitaandika yote kama yalivyo. Leo unakwenda nyumbani."

"Onyiego ameambiwa?"

"Bado. Ni kazi yangu, nakwenda sasa."

"Hapana," Velma alisema. "Hiyo si kazi ya polisi."

Sheria haikuwa na kifungu kuhusu hilo, na Chepngeno hakuwa na nguvu ya kukitafuta. Alimfuata hatua tatu nyuma, wakavuka uwanja. Onyiego aliwaona wakija, mwanamke yule bila pingu, na akainuka kutoka juu ya jiwe. Habari za chai zinakimbia kuliko lori. Tayari mtu alikuwa amemwambia ya Bonareri, ya mkebe, ya simu ndani ya seli. Alivua kofia. Macho yake yalikuwa mekundu, na kabla Velma hajafika getini alikuwa ameanza kulia.

"Velma," alisema. "Nimekukosea. Nilikuita mwuaji mbele ya watu. Nisamehe, dada yangu, nilikuwa nimepofuka, nisamehe."

Velma alishika chuma cha geti kwa mikono miwili.

"Ngoja, Onyiego," alisema. "Usiniombe msamaha bado."